Hori, Wangwa na Bwawa: Majina ya Maji katika Historia ya Kiswahili Sanifu

Mtu atokaye Mkoani, kusini mwa Pemba, akitaka kwenda Kisiwa Panza, hana budi kwanza kufika katika bandari ndogo ya Chokocho na kupanda chombo hapo. Safari yenyewe ni fupi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni istilahi, safari hiyo fupi inazusha swali ambalo halimaliziki chombo kinapofika ng'ambo: maji yale aliyoyavuka yanaitwaje? Vitabu vya jiografia vya shule vinamfundisha aseme mlango wa bahari, kwa kuwa ni maji membamba yaliyo baina ya ardhi mbili. Nahodha niliyemwuliza hakukubali. Alinijibu kwa upole, kama amjibuye mtoto: "Hapa ni horini tu, bwana. Mlango uko kule nje, unakotokea bahari kuu."

Makala haya yamekusudiwa kueleza jinsi majina ya aina mbalimbali za maji, yale ya asili na yale yaliyofanywa kwa mikono ya watu, yalivyochaguliwa na kupanuliwa maana wakati Kiswahili kilipokuwa kikisanifishwa, na jinsi mengine yalivyosahauliwa pwani. Sikusudii kutoa orodha. Orodha tunazo, na baadhi yake nimeshiriki mimi mwenyewe katika kuziandika, jambo ambalo nitalirejea hapo mbele kwa sababu halinipi fahari.

Yafaa tuanze na jinsi kamusi zilivyotungwa. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, akiwa amejifunza lugha Unguja mjini. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ilitegemea zaidi Kimvita, lugha ya Mombasa. A. C. Madan naye alitoa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Serikali za kikoloni zilipoona haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha shule na ofisi, mkutano ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na mwingine Mombasa mwaka 1928, na katika mkutano huo wa pili Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi. Kamati ya Lugha iliyohusisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamusi inayobeba jina lake ilitoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya yeye kufariki.

Katika habari hiyo, ambayo wasomaji wengi wa jarida hili wanaijua, kuna jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi. Lugha iliyochaguliwa kuwa msingi ilikuwa ni lugha ya visiwa na ya ufuko. Ilikuwa na utajiri mkubwa wa maneno ya maji ya chumvi, na umaskini wa maneno ya maji baridi, kwa sababu ya wazi kwamba Unguja haina mto mkubwa wala haina ziwa la kustahili kutajwa mbele ya mtu wa Bukoba au wa Kigoma. Lakini wale waliokuwa wakingojea kufundishwa kwa lugha hiyo walikuwa wengi zaidi bara, penye mito na maziwa, na vitabu walivyotafsiriwa viliandikwa na Wazungu kwa kuangalia milima na mito ya kwao. Kwa hiyo maneno ya pwani yalipakizwa mizigo ambayo hayakuizoea. Mengine yaliibeba vizuri. Mengine yalipinda.

Neno ziwa ni mfano wa neno lililoibeba vizuri. Kwa mtu wa visiwani, ziwa linaweza kuwa maji yaliyotuama mahali padogo tu, ambapo ng'ombe hunywa na watoto huogelea. Majina ya mahali kama Ziwani, katika Wilaya ya Chake Chake, ni ushahidi kwamba neno hilo halikungoja maji makubwa ndipo litumike. Leo neno hilohilo linabeba Ziwa la Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake ni karibu mita 1,470, na hakuna mtu anayeona ajabu. Palikuwapo neno jingine lililokuwa tayari kwa maji makubwa ya bara, yaani nyanza, ambalo lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Neno hilo limebaki kuwa jina la mahali, na kuwa pambo la washairi. Ndugu yake mmoja, nyasa, alipata bahati ya ajabu: David Livingstone alipofika katika ziwa hilo mwaka 1859 alichukua neno lenye maana ya ziwa akalifanya kuwa jina lake, na hata leo tusemapo Ziwa Nyasa tunasema, kwa hakika, Ziwa Ziwa. Wafasiri wasihangaike kulirekebisha.

Bwawa ni habari nyingine. Asili yake ni mahali pa majimaji, penye tope na matete, ambapo maji hukaa kwa kuwa hayana pa kwenda. Unguja mjini lilikuwapo bwawa la namna hiyo katika upande wa Funguni, na hoteli iliyojengwa kando yake katika miaka ya 1970 ikaitwa Bwawani, wala hakuna aliyedhani kwamba hapo pana ukuta wa kuzuia mto. Lakini bara, kazi za umeme na kilimo zilipoanza, neno hilo ndilo lililochukuliwa. Tulipata Bwawa la Nyumba ya Mungu katika miaka ya 1960, kisha Kidatu na Mtera, na hivi karibuni Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Hapa ndipo palipo na kasoro ambayo kila mfasiri wa taarifa za umeme ameionja. Tunasema "ujenzi wa bwawa umekamilika", tukimaanisha ukuta. Tunasema "bwawa limejaa", tukimaanisha maji. Tunasema "kina cha bwawa" na msomaji hajui kama apime zege au apime maji. Neno la wafugaji, lambo, lingeweza kusaidia, lakini limezoeleka kwa maji madogo ya kunyweshea mifugo na sidhani litakubali kukuzwa. Maoni yangu ni kwamba ukuta uitwe ukuta, au boma la maji pale panapohitajika adabu zaidi, na bwawa liachiwe maji. Najua kwamba wahandisi hawatanisikiliza.

Maneno mengine hayakupanuliwa bali yaligawanyika, upande mmoja wa bahari ukashika maana moja na upande wa pili nyingine. Mfasiri anayefanya kazi kwa ajili ya Bara na Visiwani kwa pamoja hana budi kuyaogopa haya kuliko maneno magumu, kwa kuwa neno gumu humfanya mtu asimame na kufikiri, lakini neno lililogawanyika humpita bila kubisha hodi.

Chukua mfereji. Katika vitabu vya shule mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa, na mfano wake mkubwa ni Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Lakini Unguja, Pemba na Mombasa, mtu akikuambia ufunge mfereji anataka ukaze koki jikoni ili maji yasipotee. Historia inaeleza jambo hili. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga njia ya kuleta maji mjini kutoka katika chemchemi za upande wa Bububu, na watu wa mjini wakapata kuteka maji bila kwenda visimani. Njia ile iliyojengwa, na mahali maji yalipotokea mwishoni mwake, vyote viliitwa kwa jina moja, na kadiri njia ilivyozikwa ardhini ikasahauliwa, mwisho wake ndio uliobaki machoni pa watu. Bara hawakuwa na Barghash. Wao walilipata bomba, neno la Kireno lililokuwapo pwani tangu zamani, pamoja na mabomba yenyewe ya chuma. Ama asili ya neno mfereji, mimi naona linafanana sana na falaj, jina la njia za kumwagilia maji za Oman, ambazo tano kati yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Lakini kufanana si ushahidi, na mwenye ushahidi namwomba autoe.

Birika nalo ni hivyohivyo. Kwa asili ya Kiarabu ni tangi la maji, na katika majumba ya kale ya mawe ya pwani birika lilijengwa ndani ya nyumba, likakandikwa chokaa, likajazwa maji ya kuogea. Bara, na siku hizi hata mijini visiwani, birika ni chombo cha kuchemshia chai. Niliwahi kusoma tafsiri ya habari za magofu ya kale ambamo mfasiri, kijana hodari wa bara, alieleza kwamba kila nyumba ya tajiri ilikuwa na birika lenye urefu wa mita mbili. Hakukosea neno. Alikosa kumwonea huruma msomaji. Neno hodhi, ambalo bado linatumika kwa matangi ya maji ya kutawadhia misikitini, lingemtoa katika aibu hiyo.

Sasa turudi kwenye hori. Neno hili limetoka katika Kiarabu khawr, nalo liko hai mpaka leo katika majina ya miji ya Ghuba, kama Khor Fakkan katika Falme za Kiarabu na Al Khor katika Qatar. Katika pwani yetu lina maana ya mkono wa bahari uingiao katika ardhi, ambao aghalabu hujaa na kupwa pamoja na bahari, na kingo zake zina mikoko. Wengine huuita mkono huo mto, ingawa hauna chemchemi juu wala maji baridi ndani, na jambo hilo limewakosesha usingizi wachora ramani. Unguja ilikuwa na hori mashuhuri iliyoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Hori hiyo ilifukiwa kidogo kidogo wakati wa utawala wa Waingereza, na barabara iliyopita kando yake, ambayo kwa muda mrefu ilibeba kwa Kiingereza jina la hori hiyo, sasa inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Maji hayapo, lakini majina yamebaki yakiyashuhudia: Ng'ambo, kwa kuwa ilikuwa ng'ambo ya maji, na Darajani, kwa kuwa palikuwa na daraja. Wanafunzi wangapi wanaopita Darajani kila siku wanajiuliza daraja liko wapi?

Katika Kiswahili cha shule, hata hivyo, hori imekuwa kitu cha kulishia ng'ombe au mtumbwi mdogo, na nafasi yake ya asili imechukuliwa na ghuba, mlango wa mto na maneno marefu ya kueleza. Ghuba lenyewe ni neno zuri, na katika Oman bado liko katika majina kama Ghubbat Hashish. Unguja tunayo Ghuba ya Chwaka. Lakini ghuba ni maji mapana yaliyokumbatiwa na ardhi, na hori ni maji membamba yaliyoipenya. Nahodha wa Chokocho asingeweza kuyachanganya.

Si ubishi wa maneno tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari ulitiwa sahihi mwaka 1982, na Tanzania iliuridhia mwaka 1985, kisha ikatunga sheria yake ya bahari ya kitaifa na ukanda wa kiuchumi mwaka 1989. Katika mkataba huo ghuba si kila kipinda cha pwani. Kipinda hicho huhesabiwa kuwa ghuba ikiwa eneo la maji yake ni sawa na nusu duara ambayo kipenyo chake ni upana wa mdomo wa maji hayo, au kuizidi. Kadhalika, kisiwa ni ardhi iliyoumbika kwa asili, iliyozungukwa na maji, ambayo haifunikwi maji yanapojaa. Na ardhi inayoonekana maji yakipwa tu ina hukumu nyingine. Wataalamu wa sheria waliotafsiri vifungu hivi walitumia maneno mengi kueleza hiyo ardhi ya pili, ilhali wavuvi wa mwambao wote wanayo kwa neno moja: fungu. Kikwazo kimoja kipo, na yafaa kikubaliwe bila kuficha. Fungu Mbaraka, kusini-mashariki mwa Unguja, ina jina la fungu lakini haifunikwi na maji, na ndege wa bahari hutaga mayai juu yake. Jina la mahali halifuati sheria. Hilo si sababu ya kulinyima fungu nafasi yake katika istilahi, ila ni sababu ya kuandika fasili yake kwa uangalifu.

Nimelichelewesha kwa makusudi neno ambalo ndilo lililonipeleka Kisiwa Panza, yaani wangwa.

Wangwa ni ile ardhi tupu, ya mchanga au tope, iliyo nyuma ya mikoko au baina ya mikoko na mashamba, ambayo bahari huifikia katika maji makubwa ya bamvua na kuiacha katika maji mafu. Juu yake hakuoti kitu, au huota vijani vichache vinavyostahimili chumvi. Jua likiwaka, hubaki weupe wa chumvi juu ya udongo. Si nchi kavu wala si bahari. Si ufuko, kwa kuwa ufuko hupigwa na mawimbi, na wangwa haupigwi na kitu. Maji huupandia polepole kama mtu anyataye. Kidimbwi chaweza kubaki katikati yake baada ya maji kupwa, lakini kidimbwi si wangwa.

Neno hili lina ndugu yake ambaye alipata cheo. Ndugu huyo ni jangwa. Maana ya asili ya yote mawili ni ardhi tupu isiyofaa kitu. Vitabu vya jiografia vilipohitaji neno la Sahara, jangwa, ambalo umbo lake ni la ukubwa, lilichukuliwa likapelekwa mbali kabisa na bahari, mpaka leo mtoto wa shule akisikia jangwa huona ngamia. Wangwa ulibaki pwani. Nadhani jambo hili laweza pia kueleza jina la Jangwani jijini Dar es Salaam, ambalo huwashangaza wageni. Mahali hapo ni bonde la mto Msimbazi, si mbali na mdomo wake penye mikoko, nalo hufurika mvua zikizidi, kama lilivyofurika vibaya Desemba 2011. Mtu aliyesoma jiografia ya shule huuliza ni nani aliyeliita jangwa bonde lililojaa maji. Mtu ajuaye wangwa haulizi.

Sasa nieleze kosa nililolitaja mwanzoni. Miaka michache iliyopita ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilituma fomu kwa ajili ya kupitiwa lugha yake. Fomu hiyo ilikusudiwa kujazwa katika shehia za pwani, kueleza aina za maji na ardhi zilizopo na hasara iliyotokea. Aina za maji zilikuwa bahari, mto, ziwa, bwawa na kisima. Aina za ardhi zilikuwa makazi, shamba, msitu, ufuko na ardhi isiyotumika. Hasara zilikuwa ukame, mafuriko, moto na mmomonyoko. Mimi ndiye niliyeipitia. Nilisahihisha tahajia katika sehemu mbili, nikabadilisha kiungo kimoja, nikatia sahihi. Lugha yake ilikuwa sanifu.

Nilipofika Kisiwa Panza baadaye, kwa shughuli nyingine ya kukusanya maneno ya uvuvi, mzee mmoja alinipeleka kuona mahali ambapo, kwa maelezo yake, palikuwa shamba. Habari za bahari kuingia katika mashamba ya kisiwa hicho zimekuwa zikitangazwa kwa miaka kadhaa, na wanakijiji wamekuwa wakipanda mikoko ili kuizuia. Nilikuwa nimezisoma. Kusoma na kuona ni mambo mawili. Palikuwa na minazi iliyobaki vigogo, na chini yake udongo mtupu wenye weupe juu.

"Shikamoo ya kazi," nilimwambia kwa kukosa neno jingine.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Kazi ipo, shamba ndilo halipo. Huu sasa ni wangwa. Zamani ulikuwa kule," akaelekeza kidole kwenye mikoko. "Umehama umekuja huku."

Nilimwuliza kama hasara ile iliandikwa katika fomu. Alisema iliandikwa. Aliyekuja kujaza alimwuliza kama palikuwa na mafuriko, naye akajibu hapana, kwa kuwa mafuriko huja yakaondoka, na haya hayakuondoka. Aliulizwa kama ni mmomonyoko, akasema hapana, ardhi ipo, haikumeguka. Kisha aliulizwa ardhi hii ni ya aina gani sasa, akasema ni wangwa. Katika fomu hapakuwa na wangwa. Ikaandikwa ardhi isiyotumika, na mahali pa hasara pakaachwa wazi.

Sikumwambia ni nani aliyeipitia fomu ile. Nilipaswa kumwambia.

Mtu aweza kusema kwamba kosa lilikuwa la mjazaji, ambaye angeweza kuandika pembeni. Huenda. Lakini mjazaji alikuwa na kalamu na safu, na safu zilitoka mahali fulani. Mtu mwingine aweza kusema kwamba wangwa ni neno la mahali, na kwamba msomaji wa Dodoma hatalielewa. Hoja hii nimeisikia katika vikao, nami niliwahi kuitoa mwenyewe dhidi ya maneno mengine. Yatupasa kuipima kwa haki. Ni kweli kwamba Kiswahili sanifu hakiwezi kuchukua kila neno la kila kijiji. Lakini msomaji wa Dodoma hakulijua neno bamvua pia, wala ardhioevu, neno lililoenea katika nyaraka baada ya Tanzania kujiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Ardhioevu lilikubaliwa kwa sababu wataalamu walilihitaji. Hakuna aliyeuliza kama linaeleweka Kisiwa Panza. Tena ardhioevu, kwa upana wake, linameza mambo mengi mno: mabonde ya mpunga, vinamasi, mikoko, na hata huo wangwa wenyewe. Neno linalomeza kila kitu linafaa katika kichwa cha habari, si katika safu ya fomu.

Kuna na ugumu wa pili, ambao ndio unaonishughulisha zaidi. Hata tukiurudisha wangwa katika orodha, tutakuwa tumeipa jina ardhi, lakini bado hatujalipa jina tukio. Shamba linapogeuka kuwa wangwa, kilichotokea kinaitwaje? Mapendekezo niliyoyaona ni uvamizi wa maji chumvi, mwingilio wa maji ya bahari, na jingine refu zaidi ambalo nisingependa kulirudia. Yote yametafsiriwa kutoka nje neno kwa neno, na yote yanaichukulia bahari kama jeshi. Kisiwa Panza nilisikia watu wakisema tu kwamba bahari imeingia, au kwamba chumvi imepanda. Haya ni maneno ya vitenzi, nayo istilahi hupenda nomino. Lakini sioni kwa nini fomu isiulize: "Je, bahari imeingia shambani? Tangu mwaka gani? Imefika wapi?" Swali hilo lingejazwa bila mjazaji kukuna kichwa.

Kwa sasa nimeandika pendekezo la maneno manne, kila moja likiwa na fasili yake: hori, wangwa, fungu na kidimbwi, pamoja na ombi kwamba bwawa lisitumike tena kwa maana ya ukuta. Pendekezo hilo litapitia kamati kama mapendekezo mengine, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ambalo kamusi yake ya mwaka 2010 ilitengeneza njia kwa maneno mengi ya Visiwani, litaombwa maoni. Ofisi ile nayo nimeiandikia barua, nikieleza kwamba fomu niliyoipitisha ina upungufu na kwamba upungufu huo ni wangu. Sijapata jibu.

Kabla kikao hakijakaa, tunawaomba wasomaji walioko Mafia, Kilwa, Rufiji, Tanga, Vanga, Lamu na kwingineko mwambaoni watuandikie wanavyouita wangwa huko kwao, kama wanalo neno jingine, na zaidi ya hayo watuambie watu wa huko husemaje pale shamba linapoanza kushika chumvi, siku za mwanzo kabisa, kabla minazi haijaanza kufa. Neno la hatua hiyo sikulipata Kisiwa Panza. Nilipomwuliza yule mzee, alifikiri kwa muda, akasema kwamba siku zile walikuwa bado wanasema ni mvua haba.